Mlingoti Alioufunga Marehemu

Fundi Chenga hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na mtaa, enzi zile televisheni zikijaa chenga mpaka humjui mchezaji wala mwamuzi. Siku hizi kuna ving'amuzi, picha mbaya inaganda tu na kukatikakatika, lakini jina halikumtoka. Na kazi ni ileile: yeye yuko juu ya bati, jua la utosi, wenye nyumba wako ndani wanapaza sauti, "Bado! Bado! Hapohapo! Aaa, umepitiliza!" Maisha yake yote fundi huyu amesikia picha zikija. Kuziona, wameziona wengine.

Jioni moja aliitwa na shemeji yake, mjane wa rafiki yake wa chanda na pete. Binti wa nyumba hiyo alikuwa asome taarifa ya habari usiku huo kwa mara ya kwanza, na televisheni ya mama ilikuwa haitulii hata kidogo.

"Si ukamtazame kwa jirani, shemeji?"

"Kwa jirani! Mwanangu nikamtazame kwa watu, nimebanwa mlangoni, nikilia wageuke kunitazama mimi? Thubutu! Nataka kwenye kiti changu."

Basi fundi akaingia kazini. Ncha ya waya iliyoliwa na kutu akaikata, akaunganisha upya. Akachomoa chaja ya simu na kuzima ile taa ya bei rahisi, maana vidude hivyo huvuruga mawimbi. Picha ikatulia. Shemeji akapiga kigelegele, hakijaisha, picha ikaganda tena. Fundi akatoka nje kutazama antena inaelekea wapi. Lo! Mbele yake palikuwa na ghorofa jipya, limekaa kama mtu mnene aliyekutangulia kiti cha mbele.

"Shemeji, mlingoti lazima ugeuzwe."

"Huo usiuguse."

Fundi alijua kwa nini. Marehemu alikuwa mbishi, jamani! Rafiki yake ndiye fundi wa antena wa mtaa mzima, lakini ya kwake alizungusha mwenyewe, mkewe dirishani akimwelekeza kwa makelele. Mara ya mwisho aliufunga mlingoti ukutani kwa waya, fundo kubwa la ovyo, kisha akaenda kulazwa. Hakurudi.

"Mashati yake wamegawana ndugu," shemeji akasema. "Saa wamechukua, baiskeli wamechukua. Hilo fundo ndilo limebaki kama alivyoliacha."

Fundi akaondoa mkono ukutani. Na yeye alimkumbuka yule mbishi, tena sana.

"Sitalifungua mpaka useme wewe," akamjibu. "Ila saa haimsubiri mtu."

Shemeji akausogelea ukuta. Kisha akaanza kulifungua kwa vidole vyake, taratibu, mpaka waya ukabaki mkononi.

"Ingia ndani wewe. Leo nazungusha mimi. Nipigie kelele."

Kwa hiyo siku hiyo Fundi Chenga alikuwa upande wa watazamaji. "Bado! Zungusha! Bado, mama... Hapo! Hapohapo, usiachie!" Muziki wa habari ukalia, na binti akatokea, safi, paji la uso ni la baba yake mtupu. Fundi akatabasamu peke yake. Mara uso ukavunjikavunjika: shemeji alikuwa ameachia ili akimbilie ndani, na mlingoti usiofungwa haukai.

Fundi akatoka mbio. "Nipe mimi!"

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshazoea. Nenda, bibi wewe, utakosa!"

Shemeji akakimbia na waya wake mkononi, kandambili moja ikabaki uani. Fundi akaukumbatia mlingoti, akaurudisha palepale. Dirishani kukatoka sauti, "Imekuja! Amevaa bluu! Ah, anakohoa, baba yake yuleyule!" Habari zikaendelea moja baada ya nyingine, upepo unausukuma mlingoti na fundi anausukuma upepo.

Mwishoni binti akaaga watazamaji. Akataja jina lake, kisha, bila haraka, akataja la baba yake. Ndani mama akaangua kilio.

"Umesikia, mbishi wewe?" fundi akauambia mlingoti, machozi yanamtoka. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, lakini hakuachia.