Debe la Shaba Larudi Marlow

Arlen Skogstad alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Minnesota, na kwa upana alikuwa kama mlango wa ghala. Chuo Kikuu cha Marlow kilimchukua kwenye timu yake ya mpira wa Kimarekani kwa kazi moja tu. Timu ikishindwa kusonga mbele, yeye huinama, akaushika ule mpira wenye umbo la yai, na kuurusha nyuma kati ya miguu yake mpaka mikononi mwa mpiga teke. Hapo hapo jitu la timu pinzani humvaa na kumkanyaga. Mashabiki hutazama mpira unakoruka. Yeye hutazama nyasi.

"Hiyo nayo ni kazi gani, kuutazama ulimwengu kichwa chini?" shangazi yake alimuuliza mbele ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani.

"Anaiweza," akajibu baba yake, Orville. "Amekaa chini ya ng'ombe tangu utotoni."

Huyo Orville hakuwahi kumwona mwanawe akicheza chuoni. Mechi ni Jumamosi mchana, ukamuaji ni asubuhi na jioni, na kutoka shambani hadi Marlow ni safari ya kutwa. Alisikiliza redio zizini, na redio haina habari na mtu wa kazi ya Arlen.

Mwaka wa mwisho wa Arlen ulianza vibaya hata kabla ya kuanza. Magazeti yaliiweka Marlow mkiani, na wenyeji wenyewe walikubali. Lakini wakashinda mechi ya kwanza. Wakashinda ya pili. Wakaalikwa na wakubwa wa kusini, waliotaka kitoweo cha sherehe ya mechi yao ya kwanza nyumbani, wakawaharibia sherehe kwa teke la dakika za mwisho. Ilipofika Oktoba, wanafunzi walikuwa wanalala kwenye mahema nje ya uwanja ili wapate viti vya mbele. Walipoteza moja tu, kwenye mvua, na hata hiyo walibishana nayo wiki nzima.

Ikabaki Hartsell. Mshindi angeingia fainali ya ligi, na tena angeondoka na Debe la Shaba, debe la maziwa ambalo vyuo hivyo viwili vimekuwa vikinyang'anyana tangu enzi za mababu. Lilikuwa limekaa Hartsell tangu Arlen akiwa shule ya msingi.

Siku mbili kabla ya mechi, jirani yao Harlan Voss aliegesha gari mbele ya zizi.

"Orville, Jumamosi nitakukamulia. Nenda kamwone mtoto."

"Ng'ombe wangu hawakujui."

"Ng'ombe hawaulizi kitambulisho, bwana. Nenda."

Jumamosi theluji ilianguka tangu asubuhi. Mpiga teke wa Marlow, Beau Lattimore, mzaliwa wa Florida, alirukaruka pembeni akiwa amejifunika blanketi mbili.

"Kaka, huku kwenu watu wanaishi kwa kosa gani?" alimuuliza Arlen. "Vidole vyangu vya miguu vimeshahama."

Zilipobaki dakika chache, Hartsell walikuwa mbele, kumi na sita kwa kumi na nne. Marlow wakakwama, ikabidi wapige mpira mbali na kuwaachia wapinzani. Arlen akainama. Mbele yake alikuwa jamaa wa Hartsell mwenye shingo nene kama gogo.

"We mkamuaji," jamaa akasema, "leo nakulaza zizini."

"Zizini kuna joto kuliko hapa. Nipeleke tu."

Akaurusha, akamponyoka yule jamaa kwa bega, akatimua mbio kwenye theluji. Mpira uliruka juu sana. Kijana wa Hartsell aliyeungojea aliinua macho mapema kutazama ni nani wanaomjia, ukamgonga kifuani, ukateleza. Arlen akajitupa juu ya mpira. Kilo zisizohesabika zikamwangukia. Mtu alimfinya shingo, mwingine alimchimba mbavu kwa vidole, naye akajikunja kuuzunguka kama mtu mwenye kichomi. Waamuzi walipomaliza kuwafukua watu, mpira ulikuwa chini ya tumbo lake, yaani ni wa Marlow tena. Mtangazaji akalitaja jina lake kwa kipaza sauti, akalikosea, na uwanja mzima ukalirudia vilevile lilivyokosewa.

Marlow walisogea hatua chache tu. Zikabaki sekunde. Kilichohitajika sasa ni Beau aupitishe mpira kati ya zile nguzo mbili, apate pointi tatu. Hartsell wakaomba mapumziko, makusudi, ili agande kwa baridi na mawazo.

"Niambie kitu," Beau akasema, meno yakigongana. "Chochote kisichohusu mpira."

"Tuna ng'ombe anaitwa Dolores. Anapenda kupiga mateke wanaume wa bima."

"Wa bima tu?"

"Na mchungaji, mara moja."

Beau alikuwa bado anacheka walipoitwa. Arlen akarusha, mpira ukatua mikononi mwa mwenzao aliyepiga goti kumsimamishia Beau, pale pale alipoutaka, na Beau akaupiga. Ukapanda ndani ya theluji, ukapotea, kisha waamuzi wawili chini ya nguzo wakainua mikono: umepita.

Marlow wakavuka uwanja mbio kwenda kulichukua debe kwenye benchi la Hartsell. Arlen, akiwa amelikumbatia debe, alimkuta baba yake kwenye ukingo wa jukwaa.

"Umeulalia vizuri," Orville akasema.

"Asante, baba."

Mzee akavua kofia, akajifuta uso nayo, akaivaa tena. Arlen akampa debe. Mzee akaligeuza, akachungulia ndani, akaligonga kwa kidole.

"Hili halijawahi kubeba maziwa," akasema, lakini hakulirudisha upesi.

Jumatatu, Arlen alipoingia kwenye somo la udongo, darasa zima lilisimama kumpigia makofi. Mwalimu akangoja wamalize. "Haya Skogstad, keti. Leo kuna mtihani." Arlen, ambaye hakuwa amesoma hata ukurasa, akaketi akicheka.

Jumamosi iliyofuata wakaichukua ligi yenyewe, kwa pointi nyingi kiasi kwamba mwishoni hakuna aliyehitaji mpiga teke. Arlen akaitazama robo ya mwisho akiwa benchini, miguu ameinyoosha, anakula soseji aliyopewa na mtu asiyemjua.