Fundo la Begani

Duka la vitenge nililofanyia kazi Ujiji lilikuwa na dirisha moja, na dirishani palikuwa na picha yangu. Nimesimama ufukweni Katonga, nyuma yangu dagaa wameanikwa, nimevaa kitenge cha buluu kama wanavyojifunga wanawake wa kwetu Somalia: shuka refu lisilo na mshono, linazungushwa mwilini juu ya blauzi na kufungwa fundo moja begani. Mwenye duka, mama wa Kiha kutoka Mwandiga, aliwahi kuniona nikijaribu kitambaa akasema, "Wewe vitu vinakukaa." Ndivyo nilivyokuwa mwanamitindo wake.

Nilipozaliwa walisema mvulana. Walikosea. Mama yangu alivuka nami mipaka miwili, na kabla hatujafika Kigoma alikuwa ameshajua kwamba ana binti. Watu wa semina za haki huniita mwanaharakati. Kazi yenyewe ni kumsindikiza kliniki mwenzangu aliyezaliwa kama mimi ili asichekwe peke yake, nikae naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe.

Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja mwenye kauli. Miaka miwili nilimwamkia kila asubuhi na hakuniitikia hata mara moja. Alipoanza maandalizi ya kumwoza bintiye, aliingia dukani, akanipita kama mlingoti, akamwambia mwenye duka, "Toa picha ya huyo mwanamume. Watoto wetu wanapita hapa." Mwenye duka aliogopa kukimbiwa na wateja, akaificha nyuma ya marobota. Niliumia, tena sana. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kukunja vitenge.

Wiki hiyohiyo mama yule akaagiza dukani hapohapo sare ya akina mama wa harusi. Buluu ileile, na mtindo uleule, kwa sababu mwezi mzima alikuwa akiutazama dirishani. Ila picha ilishatolewa, na fundi cherehani hakuwa na cha kufuatisha. Akafanya anachokijua: akashona ubavuni, akapachika fundo la urembo begani kama anavyoshona kifungo.

Asubuhi ya harusi, akina mama walipoinua mikono kupiga makofi, nyuzi zikaachia. Mama mwenye kauli akaja dukani mbio, kajitanda khanga, jasho linamtoka.

"Wageni wanaingia saa saba," alimwambia mwenye duka. "Huyu wako aje akae barazani kwangu, tutamletea nguo nje azifunge."

Nikamjibu mwenyewe. "Shikamoo, mama. Fundo hili halifungwi hewani, linafungwa mwilini. Nitaingia chumba cha wanawake kwa kupitia mlangoni, au mkavae madera yenu ya zamani."

Hakuitikia shikamoo. Alitazama chini akasema, "Twende."

"Ngoja kwanza." Nikaenda nyuma ya marobota, nikaitoa picha, nikaifuta vumbi taratibu, nikairudisha dirishani. Alisimama akinisubiri. Mwenye duka akajifanya anapima kitambaa, lakini nilimwona anatabasamu.

Niliingia kwa kupitia mlangoni, wote wakageuka kunitazama. Nikafumua mishono ya fundi, nikawaita mmoja mmoja: zungusha, inua mkono, shusha pumzi, kaza. Kufikia wa tano walikuwa wanagombea zamu. Bibi mmoja aliniuliza kama tumbo lake linaweza kufichwa, nikamwambia hapana, lakini litapendeza. Wakacheka, na mimi nikacheka nao, mahali ambapo nilikuwa nimeambiwa si pangu.

Mama mwenye kauli alijiweka wa mwisho. Nje matarumbeta yalikuwa yameanza kusikika. Akanipa bega bila kunitazama. Nikazungusha kitenge, nikazileta ncha mbili begani kwake, nikazishika mkononi. Sikuzifunga.

"Shikamoo, mama."

Chumba kizima kilisikia. Matarumbeta yakasogea. Alishusha pumzi.

"Marahaba."

"Marahaba nani?"

Akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza katika miaka miwili.

"Marahaba, binti yangu."

Nikakaza fundo.