Marehemu Mke wa Mgombea

Habari za kufa kwangu nilizipata mwaka 2015, mchana, nikiwa jikoni kwetu Beechmont, mtaa wa Louisville huku Marekani, nasubiri maharage yaive. Binamu yangu, aliyekuwa amehamia Uingereza karibuni, alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa ratiba ya arusi, ya miaka kadhaa nyuma, aliyoikuta katika albamu ya familia moja ya kanisani kwake. Bwana arusi nilimjua. Alikuwa mume wangu. Chini ya jina lake waliandika kwamba ni mgane, kwamba mke wake wa kwanza na mtoto wao mchanga waliuawa vitani Kongo, na kwamba Mungu amemfuta machozi.

Mtoto mchanga mwenyewe alikuwa chumbani, ana miaka kumi na minne, ameweka miguu ukutani, anafanya hesabu za shule.

Niliisoma ratiba ile mpaka maharage yakaungua.

Tulioana kule milimani, juu ya Uvira, kwa ng'ombe na kwa kanisa. Vita ikatupeleka kambini Kigoma, na ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki ninachoandika, maana cha kwetu Watanzania walikicheka. Binti yetu alipofikisha miezi minane, mume wangu alikwenda Nairobi kututafutia njia. Kwa miaka miwili alipiga simu kwenye duka la jirani. Kisha kimya. Nilidhani amefungwa, baadaye nikadhani amekufa, nikamlilia peke yangu kwa sababu sikuwa na habari yoyote ya hakika ya kuwapa watu. Kumbe yeye alinizika hadharani, kwa nyimbo. Binamu alisema kila mwaka kanisa lao lilikuwa na siku ya kuniombea, mimi na binti yangu.

Watu wa kanisa langu Louisville, mji tulioletwa mimi na binti kutoka kambini, wangeniambia nisamehe. Kwa hiyo sikuwaambia.

Wakati huo nilikuwa namhudumia mzee mmoja Mwingereza, nyumbani kwa binti yake aliyeolewa na Mmarekani. Nilimwogesha, nilimnyoa, nilimkata kucha za miguu, nilimpikia uji wake usio na sukari. Alikuwa mtu mkali, mwenye miguu iliyokataa kazi na kichwa kilichobaki kizima kabisa. Maisha yake yote aliifanyia serikali yao kazi ya mazungumzo ya biashara. Alikaa Brussels miaka mingi akibishana na Wafaransa na Wajerumani juu ya nyama ya kondoo, samaki na vipuri vya magari.

Mwezi wa sita mwaka 2016 Waingereza walipiga kura ya kutoka katika umoja wa nchi za Ulaya. Asubuhi ya matokeo mzee alikataa kula. Alikuwa amekaa mbele ya televisheni na nguo za kulalia, uso umemwiva.

"Watu wa chama kimoja waligombana miaka ishirini," aliniambia. "Waziri mkuu akaogopa kuwapoteza wapiga kura wake kwa chama kingine kidogo. Ili apate amani ndani ya chama chake, akaipeleka nchi nzima kwenye kura. Mimi nilijenga kitu kile kwa mikono yangu, mama. Kifungu kwa kifungu."

Nilimwonea huruma kama unavyomwonea mtu aliyepotelewa na kitu usichokijua. Lakini wiki iliyofuata binamu alinitumia picha nyingine. Mume wangu alikuwa amesimama sokoni, amevaa suti, ua la utepe wa chama kifuani, anagawa vikaratasi. Ni kile chama kidogo. Alikuwa amewafanyia kampeni ya kutoka Ulaya, na sasa alitaka wampitishe agombee udiwani. Binamu alisema kila anaposimama kuhutubia, anaanza na habari yangu: mke na mtoto walivyouawa, Uingereza ilivyompokea mjane wa kiume asiye na mtu, na jinsi nchi hiyo nzuri isivyopaswa kujazwa na kila anayetoka Ulaya.

Nilimwonyesha mzee picha ile nikiwa nimeshika wembe.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Mume wangu. Huko kwenu anasema nimekufa."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikamweleza yote huku povu likimkaukia mashavuni. Nilipomaliza akasema, "Nipe kalamu."

Hivyo ndivyo nilivyosomeshwa. Miezi miwili, kila asubuhi, nikimnyoa yeye anafundisha. Nilijifunza soko la pamoja ni nini na umoja wa forodha ni nini, na kwamba hayo ni mambo mawili. Nilijifunza kwamba mtu anayetaka kutoka hupeleka kwanza barua rasmi, na barua ikishapokewa anapewa miaka miwili tu. Akaniambia mara nyingi kwamba Ulaya haitakubali kuzungumza biashara kabla ya kumaliza mambo ya kuachana. "Watasema kwanza talaka, mengine baadaye. Na huyu mwenye haraka atakubali, kwa sababu siku zinamwishia yeye." Niliandika kila kitu katika daftari kuukuu la binti yangu. Mume wangu alipenda kusema mbele za watu kuliko kula. Nilitaka nimpige pale pale.

Sikuhitaji kumfuata. Makanisa yetu ya Louisville, Columbus na Buffalo yalikuwa na mkutano wa pamoja kila mwaka, wikendi ya sikukuu ya wafanyakazi mwezi wa tisa; mimi sikuwahi kwenda kwa sababu ya kazi. Mwaka ule ilikuwa zamu ya Columbus. Mchungaji alisoma tangazo: mgeni kutoka Uingereza, mtoto wetu wa Kivu, mwanasiasa, atazungumza juu ya Mwafrika na siasa za Ulaya. Jumapili atahubiri Buffalo, ambako ana kaka yake. Akataja jina. Nilisema amina pamoja na wengine.

Tulikodi basi. Binti yangu nilimwambia njiani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa Kiingereza kama ninayo hakika, nami nikampa simu aone zile picha. Alizitazama muda mrefu. Hakulia. Aliomba akae upande wa dirisha.

Mume wangu alizungumza Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa shule. Alikuwa amenenepa vizuri. Alianza na mimi, kama binamu alivyosema. Akatoa kitambaa, akagusa macho, akina mama wakatikisa vichwa. Kisha akapanda kwenye siasa. Ulaya ingekuja imepiga magoti, alisema. Wajerumani wanauza magari yao Uingereza, hawawezi kukosa soko hilo, na kabla ya Krismasi mkataba wa biashara ungekuwa mezani umesainiwa. Halafu Uingereza ingefanya biashara moja kwa moja na Afrika. Watu wakapiga makofi.

Msimamizi akakaribisha maswali. Nikawa wa kwanza kunyanyua mkono. Nilikuwa nimekuja na miwani, kilemba kikubwa, na kilo ambazo kambini sikuwa nazo. Alinitazama usoni kabisa.

"Ndiyo, mama," akasema.

Hakunijua. Kwa jambo hilo peke yake ningeweza kumpiga kwa kiti.

"Baba mheshimiwa," nikasema, "umetuambia mkataba utasainiwa kabla ya Krismasi. Nimesikia kwamba mazungumzo hayawezi kuanza mpaka Uingereza ipeleke barua rasmi ya kutoka. Barua imepelekwa?"

Akatabasamu. "Itapelekwa, mama."

"Haijapelekwa?"

"Bado."

"Donc, basi, mazungumzo hayajaanza. Mtasaini vipi kitu ambacho hakijaanza?"

Watu wachache wakacheka, si kwa ubaya. Akasema mambo ya kitaalamu yana ugumu wake.

"Basi nieleweshe kidogo. Umesema mtafanya biashara na Afrika. Maua na maharage mabichi ya Kenya yanaingia Uingereza bila ushuru kwa mkataba uliosainiwa na Ulaya. Mkitoka, mkataba huo unabaki kwa nani?"

"Tutaandika mwingine."

"Nani ataandika? Kwa miaka arobaini kazi hiyo ilifanywa Brussels kwa niaba ya nchi zote. Mnao watu wangapi wanaoijua?"

Akanywa maji. Nikamuuliza tofauti ya soko la pamoja na umoja wa forodha, na chama chake kinataka kutoka katika lipi kati ya hayo mawili. Akajibu kwamba ni kitu kimoja. Kijana mmoja wa Columbus anayesoma chuo akasema kwa sauti, "Hapana, si kitu kimoja!" na kicheko cha safari hii kilikuwa na meno.

Nilimwona akitoka jasho. Sitasema uongo: nililifurahia kila tone.

Msimamizi aliona mambo yanaharibika. "Bon, mama, muda umekwisha. Tuambie tu jina lako, na kanisa unalotoka, ili mgeni akujue."

Nikavua miwani. Nikasema jina langu lote, la baba na la babu. "Natoka Louisville. Mimi ndiye mke wake aliyekufa. Na yule pale, mwenye sweta la njano, ndiye mtoto mchanga."

Mume wangu alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Huyu mama ni mgonjwa," akasema. "Tumwombee."

Hapo kaka yake akasimama. Alikuwa amekuja na basi la Buffalo, mtu mzima wa maneno machache, mfanyakazi wa kiwandani. Alikuja mpaka mbele yangu, akanitazama, akageuka.

"Bon. Ngojeni kwanza. Mimi ndiye nilipeleka ng'ombe kwa baba ya huyu mwanamke. Huyu ni shemeji yangu." "Ulinipigia simu Bujumbura ukasema amekufa. Nilinyoa kichwa. Nililala chini siku tatu. Kumbe nilikuwa namlilia nani?"

Mahubiri ya Buffalo yakafutwa. Shemeji alisema mambo haya yatamalizwa nyumbani kwake, na sisi wote wanne tukapanda basi lao, mimi na binti mbele, mume wangu nyuma kabisa.

Shemeji alikuwa na nyumba Black Rock, mtaa wa Buffalo, ya mbao, aliyoinunua imechakaa na kuitengeneza mwenyewe. Jumatatu mchana tukakaa mezani. Mume wangu alikuwa na tiketi ya ndege ya Jumanne. Mimi nilikuwa nimempigia simu mzee, naye akasema nikae hata mwezi, atavumilia ndevu.

Video ya Columbus, waliyoirekodi watu ukumbini kwa simu zao, ilikuwa imeshafika Uingereza. Mume wangu alitoa karatasi aliyoiandika usiku kucha. Alitaka nitie saini kwamba tuliishi pamoja tu, hatukuwahi kuoana, ili arusi yake ya pili isimame kisheria na chama kisimkate.

"Nipe saini yako, nitakushukuru maisha yangu yote," akasema.

"Mambo ya saini tutayazungumza," nikamwambia. "Lakini kwanza mpigie mchungaji wako, hapa, kwa spika, tusikie wote. Mwambie mimi na mtoto tuko hai, na kwamba ulijua."

"Na baada ya hapo utasaini?"

"Baada ya hapo tutazungumza."

Alimtazama kaka yake. Kaka yake alikuwa akitazama dirishani. Mume wangu alibisha mpaka saa kumi, akazunguka, akataja Mungu, akataja mama yake. Nikamwuliza ndege yake ni saa ngapi kesho. Akapiga simu. Alisema yote, na kila alipopunguza sauti nilimwambia aseme tena. Mchungaji wa kule aliuliza mara mbili, "Ulijua?" Na yeye mara mbili akasema, "Nilijua."

Simu ilipokatika alinisogezea karatasi na kalamu.

"Tumezungumza," nikasema. "Sisaini."

Akaruka juu. Akaniita mwongo! Shemeji akacheka, kicheko kikavu, mara moja tu. Binti yangu, aliyekuwa kimya siku tatu nzima, akasimama akamwomba baba yake apishe mlango, akimwita bwana, kwa Kiingereza, vile anavyomwita dereva wa basi la mji. Akatoka akaenda kutembea kandokando ya mto, nami nikamfuata.

Chama kilimkata kabla ya mwezi kwisha. Kanisa lao likamvua uzee wa kanisa. Binamu alikuwa akinipa habari kipande kwa kipande, nami nilizimeza kama mtu aliyefunga siku nyingi. Kwetu Louisville baadhi ya akina mama waliacha kukaa karibu nami. Walisema moyo wangu ni mgumu. Sikuwabishia. Mzee alinitaka nimsimulie mambo ya Columbus kila asubuhi, neno kwa neno, na kila nilipofika kwenye maharage ya Kenya alipiga kiti chake kwa ngumi.

Mwezi wa kumi na moja ikaja simu ya Uingereza nisiyoijua namba. Alikuwa mwanamke, sauti changa kuliko nilivyotegemea.

"Ni wewe kweli?" akaniuliza.

Nilijua ni nani. Nikasema ni mimi. Akasema hakujua lolote, na nikamwamini tangu neno la kwanza. Alisema yeye ndiye aliyekuwa akipika kila mwaka siku ya kuniombea, kwa sababu alinionea huruma, kufa kijana hivyo na mtoto mgongoni.

"Binti yangu wa kwanza nilimpa jina lako," akasema. "Ili usisahaulike."

Nyuma yake nilisikia mtoto akiuliza kitu. Akamjibu ngoja kidogo, akamtaja kwa jina langu.

Nilitaka kusema kitu kizuri. Nilikuwa na maneno mengi, lakini yote niliyaandaa kwa ajili ya mume wangu. Akaniuliza, kwa adabu sana, kama ningekubali kuitia saini ile karatasi, si kwa ajili ya mume bali kwa ajili yake na watoto. Nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Sijasaini mpaka leo.