Friji la Nyama ya Harusi

Vipande vilikuwa arobaini na sita. Nilivihesabu Mbinga mjini kwenye bucha lililonigandishia, nikavihesabu tena Mbamba Bay vilipokuwa vinaingia kwenye friji la boti. Nguruwe wawili wa Matiri, wakubwa, na kilichowatoa zizini ni mdomo wangu mwenyewe.

Siku ya mazungumzo ya mahari nilikaza. Wao wakishuka, mimi napanda. Wakisema mbuzi, mimi nauliza umri wa mbuzi. Mwishowe baba wa mchumba wa binti yangu akakunja mikono, akasema kwa upole, "Sawa, mkwe. Tumekubali yote. Ila huku ziwani samaki tunao mpaka tumewachoka. Nyama ya harusi mtaleta ninyi wa milimani. Ifike safi." Nikajibu papo hapo kwamba hilo dogo. Mimi niliyekulia sokoni nilipaswa kushtuka. Nyama ikiharibika njiani, watakaoambiwa kila siku "kwenu mlituletea uvundo" si mimi, ni binti yangu, na yeye ndiye atakayebaki kule.

Harusi ilikuwa Jumamosi, baada ya Pasaka. Binti na mama yake walitangulia kwa gari. Siku mbili baadaye mvua ikabeba daraja la barabara ya kando ya ziwa, ikabaki boti. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka kwenda kijijini kwa wakwe, watu wanne: nahodha, fundi wa injini, mimi, na dada yangu mkubwa. Dada ndiye shangazi wa bibi harusi, na bila yeye shughuli haianzi hata padri awe amekwisha kuvaa.

Friji lilikuwa la kulala, lile la mfuniko wa juu, la kuhifadhia samaki. Lilikuwa limefungwa kamba katikati ya boti, likipata umeme kutoka kwenye jenereta ndogo ya petroli kule nyuma. Nilipoona bati lake jembamba lenye kutu, nikalionea huruma. Sisi wa Umatengo mambo ya baridi hatufundishwi. Ugali ukitaka usipoe, unaufunika. Soda ukitaka isipate moto, unaiviringishia blanketi, inafika Songea bado inatoa jasho. Basi nikatoa mablanketi mawili mazito niliyokuwa nayapeleka kama zawadi, nikalivika friji kushoto, kulia na mgongoni, nikazungushia magunia matupu ya kahawa, nikakaza kwa kamba.

Nahodha alinitazama mpaka nikamaliza. "Mzee, unalipeleka kliniki?"

"Wewe endesha."

Dada akaketi chini, akaegemeza mgongo kwenye friji, akavuta pembe ya blanketi mpaka mabegani. Akasema pale pananoga.

Saa mbili upepo wa kusini ukaamka. Mawimbi yakaanza kuturushia maji usoni, na nahodha, bila kumwuliza mtu, akakata kona akaingia nyuma ya kisiwa cha mawe, akatupa nanga. Pande tatu mawe matupu yenye kinyesi cha ndege, upande wa nne ziwa jeupe kwa povu. Pa kushukia hapakuwapo.

"Tunakaa mpaka saa ngapi?" nikauliza.

"Mpaka lilale."

"Nikikuongezea kidogo?"

"Baba, ongeza. Ila kuondoka hatuondoki."

Nilizoea kwamba kila mlango una bei yake. Hapa hapakuwa na mlango. Ukitoka mbele ya boti kwenda nyuma ni hatua kumi na moja. Nilizipima kwenda, nikazipima kurudi.

Ilikuwa inakaribia saa tano dada aliponung'unika, "Nani kalizima hili jiko?"

"Jiko gani, dada?"

"Hili ninaloegemea. Asubuhi lilikuwa linanichoma mgongo vizuri, viungo vikalegea. Sasa limekuwa kama jiwe la mtoni."

Tukacheka. Kisha fundi akaacha kucheka, akainua kidole. Jenereta ilikuwa inanguruma, lakini friji lilikuwa kimya.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, bisibisi yake moja anaichomeka nyuma ya sikio kama seremala na penseli. Akachomoa plagi, akachomeka chaja ya simu. Simu ikaanza kula umeme. "Umeme upo." Akafungua plagi, akatazama fyuzi: nzima. Akazungusha kile kitufe cha baridi kutoka moja hadi saba na kurudi. Wapi. Akalala kifudifudi, sikio karibu na kompresa, ile nundu nyeusi ya chini nyuma. Tukasikia *tak*. Kimya. Baadaye tena, *tak*.

Nikatazama saa. Dakika nne. Nikaipima mara ya pili, dakika nne.

"Linajaribu kuwaka, linakataliwa," fundi alisema. Akaigusa kompresa, akautoa mkono mbio na kuupuliza. "Hii imechemka kupita kiasi. Inajikata yenyewe isife."

Mimi nilikuwa tayari nimefungua mfuniko. Vya juu vilianza kung'aa, vinatoa jasho. Nikavihesabu, arobaini na sita. Nikafunga. Moyo haukutulia, nikafungua tena.

"Mzee!" fundi akapiga kelele kutoka chini. "Unahesabu au unapika? Kila ukifungua, baridi inamwagika. Nyama haitoroki, iende wapi hapa?"

Nikakaa juu ya mfuniko ili nijizuie.

Fundi akainuka, akachuchumaa mbele ya dada. "Mama, shikamoo. Umesema asubuhi lilikuwa la moto wapi?"

"Marahaba. Hapa ubavuni. Na upande wa pili pia, nilihamia huko kidogo."

Akaingiza mkono chini ya blanketi, akaupapasa ubavu, kisha akazitazama kamba zangu. "Nani kalivalisha hivi?"

Nahodha alinionyesha kwa kidevu.

"Mzee wangu, friji halina baridi yake," fundi alisema polepole, kama anaongea na mtu aliyefiwa. "Linachukua joto la nyama, linalitupa nje, na linalitupia kwenye hizi mbavu. Wewe umelifunga blanketi. Umeliziba pua."

"Kwa hiyo mimi nimekalia pua tangu asubuhi?" dada akauliza.

"Ndiyo, mama."

Dada hakusogea. Alinitazama mimi, na nikajua anataka nini.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Ulishanisalimia."

"Naomba uhame."

"Nihame kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimekosea."

Akahama.

Tukakata kamba, tukavua magunia na mablanketi. Fundi akaacha plagi nje, akasema nusu saa kamili, asiguse mtu. Dada akachovya kanga yake ziwani, akaikamua, akawa anazipangusa mbavu za friji, mbali na nyaya, kama anavyomkanda mgonjwa. Mimi sikupewa kazi. Hiyo nusu saa ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Kichwani nilisikia wakwe wakinong'ona, nikamwona binti yangu akiinamia sufuria asionyeshe uso. Upande wa nchi kavu milima ya kwetu ilionekana yote, na sikuweza kupiga hata hatua moja kuielekea.

Fundi akachomeka plagi. *Tak*. Nikafumba macho. Kisha likatetemeka, likaanza kunguruma, halikunyamaza tena. Baada ya muda dada akaweka kiganja ubavuni. "Limepata homa," akasema, na nahodha akapiga makofi.

Ziwa lililala saa nane. Tulipokaribia kijiji nikafungua mfuniko. Vya chini vilikuwa mawe, lakini tisa vya juu vilikuwa vimelegea, kidole kinazama. Harufu hapana, bado. Mkono wangu ukaenda wenyewe, ukaanza kupanga vilivyoganda juu na vilivyolegea chini, kama tunavyopanga nyanya sokoni. Nilifika cha tatu. Nikakumbuka nani atakayekuwa jikoni siku wakivikuta. Nikavirudisha.

Mkwe alikuwa ufukweni na watu wake. Baada ya salamu nikamwambia kabla hajafungua, "Mkwe, tisa vya juu vimelegea. Kosa ni langu, si la boti."

Akachukua kimoja, akakinusa, akampa mkewe naye akanusa. Walitazamana.

"Vichomwe sasa hivi," mkwe akasema. "Na utaanza kula wewe."

Wakaniwekea kiti katikati ya uwanja. Ilipoiva, binti yangu mwenyewe akaniletea kipande kidogo kwenye sahani, akapiga magoti. Nikala chote, na mafuta yake. Kilikuwa kitamu.

"Tusubiri kidogo," mkwe akasema.

Wakakaa kunizunguka, ukoo mzima, mikono mapajani, wananitazama usoni. Koo likaniwasha kwa chumvi. Nilitaka sana kukohoa, nikajizuia.