Moto wa Kuomba Mwezi wa Nane

Mama alitoka hospitali siku ileile tuliyofunga shule, muhula wa pili, nikiwa kidato cha pili. Alikuwa amembeba mdogo wangu ndani ya mablanketi mawili, na ukiyatazama hungejua kama ndani mna mtu au mna mkate. Mtoto alikuwa amezaliwa kabla ya siku zake. Nesi alikuwa amemwambia mama mambo mawili, naye aliyarudia mlangoni hata kabla hajavua viatu. La kwanza, mtoto asipigwe na baridi hata kidogo, maana maziwa yote anayonyonya yataisha kwa kujipasha joto badala ya kumnenepesha. La pili, arudishwe kliniki Jumanne ya wiki ya pili apimwe. Kama atakuwa hajaongeza uzito, atalazwa tena.

"Na akilazwa tena," mama alisema, "mimi nitakuwa nalala kwenye benchi kule nje."

Hakulia. Alikaa kitandani akaanza kufungua blanketi la kwanza, kisha akatazama chumba, akalifunga tena.

Watu wa kwetu magharibi hawaamini kwamba Nairobi kuna baridi. Waje Makongeni mwezi wa saba au wa nane. Jua halionekani wiki nzima, manyunyu yanashuka bila sauti, na nguo ulizofua Jumatatu unazivaa Ijumaa zikiwa bado na unyevu kwenye mishono. Nyumba yetu, ya shirika la reli alikofanya kazi baba, ilikuwa chumba kimoja cha kuta za mawe na sakafu ya simiti. Baridi ya ile sakafu ilipanda kwa miguu hadi magotini, na soksi haikuizuia. Umeme tulikuwa nao wa taa tu. Joto lilitoka kwenye jiko la makaa, lile la bati ambalo baba alilinunua kwa mafundi wanaogongagonga mabati mchana kutwa.

Jiko lilikuwa na sheria zake nyumbani kwetu. Linawashiwa nje. Linakaa nje mpaka moshi uishe kabisa na makaa yavae jivu jeupe. Ndipo unaliingiza, na mlango unauacha wazi upana wa kiatu cha baba, na kioo cha juu cha dirisha hakifungwi. Tena halilali na sisi. Watu wakitaka kulala, jiko linatoka. Baba alikuwa mkali kwa hilo kuliko jambo lolote, kwa sababu aliwahi kufanya kazi na mtu aliyefunga mlango na dirisha akalala na jiko, na hakuamka.

Siku zote aliyewasha alikuwa mama. Sasa mama alikuwa kitandani, wadogo zangu wawili walikuwa kwa nyanya yetu mashambani, na baba alitoka alfajiri king'ora cha karakana kilipolia. Nilibaki mimi.

Kuwasha makaa kwa karatasi na vijiti vilivyolowa ni kazi ya kukutoa machozi. Ndiyo maana katika mstari wetu wa nyumba hakuna aliyehangaika hivyo. Mtu mmoja anawasha mapema, wengine wanaenda kuomba moto. Unabeba kifuniko cha kopo na makaa yako mawili matatu meusi. Unaweka yale meusi kwenye jiko lake, unachukua mekundu idadi ileile, unakimbia nayo kwako kabla hayajafifia. Hakuna anayekwenda mikono mitupu, na hakuna anayenyimwa.

Aliyewasha mapema kwetu alikuwa mama wa uji, jirani wa mlango wa tatu. Alikuwa ametoka Murang'a, mwenye kifua kikubwa na sauti kubwa kuliko kifua. Kila asubuhi aliwauzia uji na maandazi wafanyakazi wa karakana wanaopita, wakawa wanasimama mlangoni pake na vikombe, wanaume kumi au zaidi, wakichekana. Mimi nilikuwa na haya. Sijui niandike vipi ili ieleweke. Darasani nilikuwa nikijua jibu na nilinyamaza. Kupita katikati ya wale wanaume na kifuniko cha kopo, niseme "naomba moto" mbele yao, nilikuwa naona afadhali kutafuna lile kaa lenyewe.

Siku ya kwanza niliwasha kwa karatasi. Ilinichukua karibu saa mbili, na mama akasubiri kumwogesha mtoto mpaka karibu mchana. Siku ya pili nikapata akili, au nilidhani nimepata.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha taruma, zile mbao nene zinazolazwa chini ya reli. Lilikuwa kuukuu, limetolewa njiani, na baba alikuwa amelipata akalifanya kigogo cha kukalia. Nililichonga kwa panga nikapata vibanzi vyeusi vinavyong'aa. Nikavipanga chini ya makaa, nikawasha kiberiti kimoja. Kimoja tu! Vikashika kama vilikuwa vinaningojea. Moto ulipanda mpaka nikarudi nyuma, na moshi mweusi ukaenda zake juu ya paa. Nilifurahi sana. Nilijiona nimewashinda wote wa mstari ule, na sikumwomba mtu.

Nilisubiri moshi uishe kama ilivyo sheria. Ulipoonekana umeisha nikaingiza jiko.

Mtoto wa mtu wa reli alipaswa kujua. Mataruma yanalowekwa mafuta meusi ya lami ili mchwa wasiyaguse, na baba mwenyewe alirudi jioni nyingi akinuka harufu ile ile. Juu ya makaa palikuwa peupe, lakini chini vibanzi vilikuwa bado vinachemka mafuta yake. Chumba kikajaa harufu ya barabara mpya. Macho yakaanza kuwasha. Nepi zilizoanikwa kwenye kamba juu ya kitanda zikanyonya harufu yote. Mtoto akapiga chafya, mara ya pili, mara ya tatu, sauti ndogo kama ya paka, na mama akanyanyuka kitandani bila viatu.

"Toa! Toa jiko! Fungua dirisha lote!"

Nikatoa jiko. Nikafungua dirisha lote na mlango wote, na baridi yote ya mwezi wa nane ikaingia. Mama alisimama uani kwenye manyunyu, mtoto amemficha ndani ya sweta yake, na mimi nimesimama kando yao. Niligusa mguu wa mdogo wangu. Ulikuwa baridi kama bomba la maji.

Mama wa uji akatoka kwake na mwiko mkononi.

"Ngai! Ni nani anajenga barabara humu?"

Akaona mama hana viatu. Alimshika mkono akampeleka kwake, akawafukuza wateja waliokuwa wamebaki ("Nendeni mkanywee kwenye kazi yenu, hapa kuna mzazi!"), akamkalisha karibu na majiko yake mawili yaliyowaka tangu alfajiri. Mimi nilisimama mlangoni. Alimvua mtoto soksi akamsugua nyayo kwa viganja vyake vikubwa, akiongea naye Kikikuyu, mpaka mtoto akakasirika akalia kwa nguvu. Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu atoke hospitali.

Halafu mama wa uji akanigeukia.

"Na wewe kasichana, kwani kwangu hakuna moto?"

"Upo."

"Sasa mbona hukuja?"

Ningeweza kumdanganya. Sijui kwa nini nilisema ukweli. "Naona haya."

"Haya ya nani? Yangu?"

"Ya wale wanaume."

Alinitazama juu mpaka chini, akamtazama mama. "Mwalimu anaongea na huyu namna gani?" Mama akasema hata yeye hajui. Wakacheka wote wawili, na mimi nikatamani sakafu inimeze. "Sikiza," akaniambia. "Kesho unakuja. Na usije ukasimama hapo kama mlingoti ukingoja nikuone. Unaita. Huyu mtoto ukinyamaza, si wewe utapata baridi, ni yeye."

Mchana ule nilifua nepi zote upya, na mama akalala kwa mama wa uji mpaka chumba chetu kikaacha kunuka. Baba alipoambiwa jioni alitikisa kichwa akasema, "Mtoto wangu mwenyewe, anachoma reli." Kisha akalihamisha lile taruma akaliweka mbali. Hakunipiga wala kunigombeza, lakini nilimwona akihesabu siku kwa vidole, zilizobaki mpaka Jumanne ile.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mlangoni kwetu na kifuniko cha kopo na makaa matatu, nikasimama sana. Ndani nilimsikia mama akimpulizia mtoto pumzi kwenye viganja. Nikaenda.

Wanaume walikuwa pale pale. Mama wa uji alikuwa ameinama anapakua.

"Hodi," nikasema.

"Nani huyo? Ama ni mbu?"

Wakacheka. Alikuwa ameniona vizuri kabisa. Nikasema tena hodi, na yeye akaendelea kupakua. Kijana mmoja wa karakana akasema, "Sasa, siste! Umeleta makaa, ama ndiyo unakuja kutuuzia?" Masikio yangu yaliwaka moto kuliko jiko lile. Nikavuta pumzi.

"HODI MAMA! NIMEKUJA KUOMBA MOTO!"

Ilitoka kubwa mno. Kwenye mlango wa mwisho wa mstari, mzee mmoja alichungulia kuona ni nini. Wanaume wakanipisha njia wote, wengine wakipiga makofi, na mama wa uji akanyoosha mgongo akasema polepole kama kwamba hakuna lolote lililotokea, "Karibu. Weka yako huku, chukua haya ya pembeni, ndiyo mazuri." Nikayachukua, nikakimbia. Kabla uji haujaisha pale kwake, jiko letu lilikuwa limevaa jivu jeupe na mama alikuwa anapasha maji ya kuoga.

Siku zilizofuata ndizo ninazopenda kuzikumbuka. Sikuzoea kuita, nisidanganye. Kila asubuhi niliita hivyo hivyo. Lakini moto niliujua. Mama wa uji alinionyesha kutengeneza madonge ya vumbi la makaa. Unachukua lile vumbi linalobaki chini ya gunia, unachanganya na udongo mwekundu kidogo na maji, unafinyanga kama andazi, unayakausha juu ya bati karibu na jiko kwa sababu jua halipo. Udongo ukizidi hayashiki, ukipungua yanamong'onyoka. Ukiweka mawili juu ya makaa yaliyokwisha kuiva, joto linakaa mpaka saa kumi jioni bila kuongeza kitu. Mikono yangu ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, na nikipitisha mkono usoni mama alicheka.

Usiku jiko likiwa nje, tulijaza maji moto kwenye chupa ya soda, tukaifunga kizibo kwa nguvu, tukaivalisha soksi ya baba na kuiweka nje ya blanketi la pili, isimguse ngozi. Baba alilalamika kwamba anakwenda kazini na soksi moja. Mchana mama alinyonyesha akiwa amekaa kiti cha chini karibu na jiko, mimi nimekaa upande wa pili nikisoma, au nikijifanya nasoma. Nje manyunyu, ndani kuna harufu ya viazi vitamu tulivyofukia kwenye jivu. Mtoto alianza kutoa mikono nje ya blanketi. Alikuwa na vidole virefu. Nilikuwa sijaviona.

Jumanne tuliondoka asubuhi, tukitembea. Kliniki ilikuwa imejaa akina mama na watoto wenye masweta ya kila rangi, na baridi iliingia kila mlango ulipofunguliwa. Mama hakuongea njia nzima. Zamu yetu ilipofika, nesi akasema mtoto avuliwe nguo zote.

"Zote?" mama akauliza.

"Zote, mama. Tunapima mtoto, hatupimi sweta."

Mama akavua moja moja. Mimi nilishika zile nguo kifuani ndani ya koti langu, zisipoe. Mdogo wangu akawekwa kwenye mizani, uchi, akapiga kelele iliyonishangaza kwa ukubwa wake. Nesi alisogeza kile chuma cha mizani, akakirudisha nyuma, akakisogeza tena. Akaangalia kadi.

"Hii kadi ni yake?" nesi akasema.

"Ni yake."

"Basi huyu anakula vizuri." Akaandika. "Ameongeza. Ameongeza zaidi ya nilivyotaka. Mvalishe haraka, mrudi nyumbani, na mwendelee vile vile mpaka baridi hii iishe."

Mama alisema asante mara nyingi, hata nesi alipokuwa tayari ameita mwingine. Tulimvalisha pamoja, mikono yetu ikigongana. Nje manyunyu yalikuwa bado. Mama alifunga shuka mgongoni mwangu, akaniwekea mdogo wangu, akakaza fundo, akatupia koti lake juu yetu wawili. Mtoto alikuwa mzito kidogo. Nilimsikia akipumua kwenye shingo yangu, pumzi ya joto.

"Makaa yamebaki?" mama akauliza.

"Nusu debe. Na madonge sita."

"Twende basi," akasema, "nyumba itakuwa imeshapoa." Akaniachia nitangulie, na yeye, aliyekuja kimya asubuhi, akaongea mpaka nyumbani.