Nilivyozipindua Mvua za Zamani

Mkasa huu siusimulii nikiwa nimesimama, kwa sababu miguu yangu inaukumbuka kabla ya mdomo na huanza kutafuta mlango, kwa hiyo nipeni kigoda, na mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana aibu yenyewe niliifanya mimi, kwa mikono yangu hii miwili (nimeihesabu), mbele ya ufukwe mzima wa Bangwe, pale Kigoma.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, ufukwe umejaa watu na mafurushi kutoka ng'ambo, na mimi nilikuwa mchuuzi wa mawese, mjanja wa mjini, jina langu Marambili kwa kuwa kila kitu nakihesabu mara mbili: ngazi, mbegu za chungwa, hata salamu. Akaja Bi Rehema, mwanafunzi wa chuo kutoka pwani, sauti ya chini, macho makali, akapanga kwenye banda langu la madumu. Kazi yake kuchota matope chini ya ziwa. Siyo udongo wanaoutafuna wajawazito, ambao ningeuelewa. Matope hasa, ndani ya mabomba ya plastiki yanayoonyesha ndani, yamezibwa kwa mpira huku na huku. Nilimpatanishia boti mwenyewe, nikawabana wale mabaharia mpaka wakakaribia kulia, na yalipofika bandani nikayahesabu: sita. Nikarudia: sita.

"Kaka Marambili," akaniambia, "yasimame hivihivi siku tatu. Tope la juu ni jepesi kama uji, likishakaa ndipo niyamwage maji na kuyafunga. Siku ya nne napanda treni. Asiyaguse mtu."

"Na yakiguswa?"

"Narudi chuoni mikono mitupu. Mafuta ya boti yameisha, na miaka miwili ya kazi yangu imo humo."

Jioni akakaa juu ya dumu tupu akanieleza. Alisema mvua haizaliwi hapa. Kuna mkanda wa mawingu umeizunguka dunia nzima, unalifuata jua, unapanda kaskazini, unashuka kusini, na sisi tunanyeshewa ukipita. Lakini zamani, zamani ya zamani, njia za pepo za angani zilikuwa zikihama, mkanda ukachelewa kwingine vizazi kwa vizazi, huku nchi ikakauka na ziwa likarudi nyuma, kule kwingine wakanyeshewa mvua yetu. Upepo wa kusini ukivuma sana, ziwa linavurugika, linaacha tope jeupejeupe. Mvua ikiwa nyingi, mito inaleta udongo, tope linakuwa jeusi. Tabaka juu ya tabaka, jembamba kama ukucha. Na lile la juu ndilo ufunguo, kwa sababu miaka yake watu waliipima mvua wakaandika, hivyo ukilinganisha unajua kulisoma la chini. Bila la juu, la chini ni tope tu.

Nami nililikodolea macho bomba mpaka nikaanza kuyaona: kiangazi kimelala juu ya masika, masika juu ya kiangazi, mawingu yaliyokufa yamekunjwa kama nguo sandukuni. Nilisahau kula (mimi!).

Mama Espe, Mrundi wa siku nyingi hapa kwetu, anayeniuzia mawese na kubishana nami bei, alikuwa mlangoni anasikiliza. "Sha, mwanangu," akamwambia Rehema, "nyanya yangu hakuvuka kwa vita. Alivuka kwa ukame. Nikisema hivyo pale ofisi ya wakimbizi wananicheka, eti Warundi wote ni vita. Tope lako linaweza kunishuhudia?"

"Labda, mama. Siku ya tatu njoo tulitazame."

Mama Espe akawaambia watu. Watu wakaambiana.

Sasa sikilizeni ujinga. Siku ya tatu asubuhi Rehema kaenda Gungu kutafuta masanduku, jua likaingia kwenye nyufa za banda likapiga yale mabomba, nami nikaona juu ya tope maji matupu, kiganja kizima. Kwa mchuuzi wa mawese, maji yaliyojitenga ndani ya chombo yana maana moja tu: umepunjwa! Na niliyepatana ni mimi! Kwetu dumu la mawese halinunuliwi kabla hujalipindua kichwa chini kulielekeza juani, uone maji yanavyokimbia. Akili ilikuwa bado imelala, mkono ukatangulia. Nikalipindua.

Lile tope la juu liliteremka taratibu kama moshi, zuri ajabu, rangi nyeupe na nyeusi zikakumbatiana, nikasimama nikiota, na nilipozinduka bomba lilikuwa chai ya maziwa.

Nikalirudisha. Likabaki chai. Pembeni matano yametulia, hili moja limevurugika, na mimi najua sokoni kuwa mteja huona kile kimoja kilicho tofauti na wenzake. Suluhisho? (Usicheke, Juma.) Nikayapindua na yale matano, yafanane.

Nikayahesabu. Sita. Mara ya pili, sita. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa.

Saa nne ufukwe wote uko mlangoni: wavuvi, wachuuzi, wakimbizi na mafurushi yao, na mimi nimevaa shati la Idi kama mkuu wa mabomba. Rehema akabeba la kwanza nje, juani, akaanza, "Hapa juu ndipo miaka ya bibi zetu..." akaliinua karibu na macho. Akaingia, akatoa la pili. La tatu. Hakupiga kelele, alikaa chini mchangani na bomba mapajani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Labda joto," nikasema.

Mama Espe akasogea, akanitazama mimi, akalitazama bomba. Miaka kumi ananiona nikipindua madumu yake.

"Yampaye inka!" akashangaa kwa Kirundi chake. "Marambili! Umeyapima maji!"

Ufukwe ulilipuka. Wavuvi walishikana mabega. Mmoja akauliza kama nilikuta mafuta safi. Mama Espe peke yake hakucheka. "Umempindua nyanya yangu," akasema polepole.

Nikasema mbele ya wote, "Nimeyapindua mimi, yote sita." Kisha nikamwendea shemeji yangu wa Mwamgongo aliyeshusha dagaa na alikuwa anarudi na boti yake, nikamwomba bila kupatana, kwa mara ya kwanza maishani, apite palepale Rehema alipochota matope, atuchukue. Kamba ya kuzamishia bomba niliivuta mwenyewe mpaka viganja vikachunika. Tulipata bomba moja. Lakini treni ilikuwa kesho, na tope linataka siku tatu.

"Basi litakaa ndani ya treni," nikamwambia Rehema, "mikononi mwangu."

Stesheni Mama Espe alikuja. Rehema akamwonyesha, vidole vitatu chini ya maji, utepe mweupe mnene. "Hii ni miaka ya upepo mwingi na mvua haba. Mwaka gani hasa, siwezi kuapa." Mama Espe akaweka kidole juu ya plastiki, akakaa hivyo mpaka filimbi ikalia.

Kutoka Kigoma hadi pwani nilikaa na bomba wima katikati ya magoti, nchi kavu ikipita dirishani, mawingu yakihamia nisikokujua, na mkagua tiketi kila akipita anauliza kama mwenzangu kalipa nauli. Lilifika limetulia.

Tangu siku hiyo nimeapa sipindui kitu. Dumu nalitazama tu likiwa limesimama. Mama Espe analijua hilo, na kila wiki ananiuzia mawese yenye maji kidogo chini, nayaona kabisa, nami nalipa nanyamaza.