Tantine Anakuja Kuweka Udongo Juu ya Kaburi Lisilo la Baba Yake

Naomba jina langu lisitajwe. Majina ya wengine nimeyabadilisha, kwa sababu mama ninayemzungumzia ana wajukuu wanaomsomea mambo ya simu. Nina miaka arobaini na sita, nina watoto watatu, ninashona nguo hapa Lubumbashi, Kongo, katika mtaa uitwao komini ya Kenya. Baba yangu alifariki mvua za mwaka jana zilipoanza.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Viazi vitamu alivimenya kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, hata kama sisi wengine tulikuwa tumeshamaliza kula. Katika kopo la maziwa ya unga alihifadhi kitabu cha kazi cha babu, ambaye alikuja mgodini akiwa kijana na hakurudi kwao tena. Babu alikufa baba akiwa mdogo, akazikwa hapa Lubumbashi, bila kumweleza chochote. Wiki ya mwisho baba aliniambia, "Utafute kwetu ni wapi. Bantu wakiniuliza, mi nimechoka kujibu 'sijui'."

Baada ya mazishi nilijiunga na kundi la simu la watu wanaotafuta asili ya babu zao waliokuja kwa kazi ya mgodi na reli. Kila mtu anatuma picha za karatasi za zamani, wengine wanamsaidia kuzisoma. Yumo Mzee Anselme, karani mstaafu, anayezunguka parokia akisoma rejista za ubatizo. Nilituma picha ya kitabu cha babu. Jina ni Mwewa, na kijiji kiko upande wa Pweto.

Siku tatu baadaye nilipata ujumbe wa sauti wa mama mzee wa huko Pweto. "Mi ni mutoto wa Mwewa. Alikwendaka kwa kazi nikiwa mu tumbo ya mama. Ule uko naye mu karatasi, njo baba yangu."

Basi alikuwa dada wa baba. Nikaanza kumwita Tantine, yaani shangazi. Kila asubuhi, kabla ya kuanika samaki wake, ananipigia simu. Nilipomtumia picha ya baba alicheka sana. "Haya masikio ni ya kwetu. Hata ungemuficha mu gunia, ningemujua kwa masikio." Na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu kilio cha baba. Nikamweleza habari ya viazi. Akasema mjukuu wake mmoja anamenya hivyo hivyo.

Siku moja alinieleza neno ambalo silisahau. "Baba yangu hatukumukaliaka kilio, juu hakuna mwenye alileta habari ya kifo. Bantu walisema alipata bibi mungine kule, akatusahau. Mama alikufa akingali anamungojea. Mi nilimukasirikia maisha yote. Sasa uko na kaburi yake, nimemusamehe. Nitakuja kumuwekea udongo ya kwetu."

Kosa langu ni kwamba sikungoja. Nilikuwa nimemwomba Mzee Anselme atafute ubatizo wa babu, lakini kabla hajajibu nilishatangaza kwenye kundi kwamba nimempata ndugu, na watu wote wakatupongeza.

Wiki mbili zilizopita Mzee aliniita kwake. Alinipa chai, kisha akanisogezea daftari alimonakili rejista ya ubatizo. "Soma mwenyewe, mama. Mi nimeisoma mara ine."

Babu alibatizwa akiwa mtu mzima. Jina lake ni Ngoie, wa kijiji ambacho sijawahi kukisikia. Pembeni padri aliandika kwamba kazini anaitwa Mwewa, kwa sababu alipewa kitabu cha mwenzake wa jina hilo, aliyekufa njiani kabla ya kufika mgodini. Na namba ya kazi ni ile ile iliyo kwenye kitabu alichohifadhi baba.

Nikamuuliza, "Na masikio?"

"Masikio, mama, kila mutu iko nayo mbili."

Akasema hataandika kitu kwenye kundi. "Ile habari iko yako, na iko yake."

Jina la kijiji hicho kipya nimeliuliza kwenye kundi bila kusema sababu. Hakuna anayelijua. Baba yangu amerudi kwenye "sijui" yake, na mimi pamoja naye.

Nikinyamaza, Tantine atalia juu ya kaburi la mtu mwingine, akimsamehe baba ambaye hakumkosea. Baba yake hakupata bibi mwingine wala hakuwasahau. Alikufa njiani, na babu yangu akala miaka yote kwa jina lake bila kutuma neno kwao. Habari ya kifo waliyoingoja hadi mama yake akafa, mimi ninayo ndani ya daftari. Nikisema, ninamnyang'anya kaburi, kwa sababu hakuna ajuaye yule mwenzake wa babu alizikwa wapi. Na mimi ninampoteza mtu wa pekee anayemwita baba yangu "ndugu yangu". Mume wangu anasema, "Mama wa watu ana karibu miaka makumi tisa. Unataka kumuua na karatasi?"

Mara mbili nimefungua mdomo kwenye simu, nikajikuta ninamuuliza habari ya samaki.

Jumamosi anapanda lori la samaki na wajukuu wawili. Udongo ameshauchota, ameuweka katika kopo la maziwa, na mimi sikuwahi kumwambia habari ya kopo la baba. Leo asubuhi ameniuliza, "Ile udongo tutaiweka kwa kichwa ao kwa miguu?" Nikamwambia, "Ukifika tutaona." Akasema, "Hapana, mutoto yangu, unijibu sasa, nisikuje kukosea mbele ya baba."

Ndugu zangu mnaosoma, mimi nimeshindwa. Atapiga tena kesho. Nimjibu nini?